Maswali na majibu: Mgongo wa mtoto haungoji kadi ya kliniki

Swali: Nimeandikiwa mimba ya wiki sita, lakini mume wangu alirudi safari wiki nne tu zilizopita. Ananishuku.

Jibu: Mwonyeshe kalenda. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yai hupevuka wiki mbili hivi baadaye, kwa hiyo wiki sita za kliniki ni wiki nne tangu mimba kutungwa. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Ndoa zisivunjike kwa hesabu ya darasa la pili.

Swali: Nilipima mkojo siku tano baada ya tendo, hakuna kitu. Kipimo kibovu?

Jibu: Kipimo kizima, haraka ndiyo mbovu. Siku ya tano kiinitete bado ni kipira cha seli chenye maji ndani, hakijashika popote. Huanza kujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba siku ya 6 au 7, ndipo homoni ya mimba huanza kuingia kwenye damu yako. Subiri hedhi ipitilize. Na kipimo kikisema ndiyo, kisha ukaumwa vikali upande mmoja chini ya kitovu au ukapata kizunguzungu, usilale nyumbani: huenda mimba imetunga kwenye mrija, na mrija ukipasuka damu humwagikia tumboni.

Swali: Nile nini nipate mtoto wa kiume?

Jibu: Chochote. Jinsia huletwa na mbegu ya baba.

Swali: Nina mimba ya miezi minne, nimeanza vidonge vya foliki (vitamini B9) kliniki. Mtoto amekingwa na mgongo wazi?

Jibu: Endelea navyo, damu yako inavihitaji. Kwa mgongo umechelewa. Wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, kiinitete ni kisahani cha tabaka tatu. Tabaka la juu hujikunja, kingo zikakutana na kuwa mrija, ambao ndio ubongo na uti wa mgongo wa baadaye. Ncha ya kichwani hufunga kama siku ya 25, ya chini kama siku ya 28. Ya juu isipofunga, mtoto haishi. Ya chini isipofunga ndiyo mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kujaa maji. Siku hiyo ya 28 hedhi imechelewa wiki mbili tu!

Kwa hiyo foliki huanzwa mimba ikiwa bado nia: mikrogramu 400 kila siku, mwezi mmoja kabla au zaidi, hadi wiki ya 12 ya kliniki. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, au anayetumia valproate ya kifafa, amwone daktari kwanza, maana dozi yake ni kubwa zaidi (na dawa ya kifafa asiiache kienyeji). Wengine msijinunulie vidonge vya miligramu 5 mkidhani vingi ndiyo bora. Dozi hiyo huidhoofisha SP mnayopewa kukinga malaria. Mchicha? Kula, ila foliki yake nyingi huishia kwenye maji unayochemshia na kuyamwaga. Unga wa viwanda vikubwa huongezwa foliki kisheria, Kenya na Tanzania. Sembe uliyosaga mashine ya mtaani usiitegemee.

Swali: Mapacha wa kufanana ni wa ukoo?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Wasiofanana ndio hufuata ukoo, upande wa mama anayepevusha mayai mawili. Wanaofanana ni yai moja lililogawanyika. Likigawanyika ndani ya siku tatu, kila mmoja ana kondo lake. Kati ya siku ya 4 na ya 8 hugawana kondo moja, na mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu. Piga ultrasaundi kabla ya wiki ya 14, maana baadaye ni vigumu kutambua kondo ni moja au mawili.