Namba sifuri katoa laki mbili: safu za PHP na namba za simu

"Kaka, huyu namba sifuri aliyetoa laki mbili ni nani?"

Mweka hazina wa kamati ya harusi alinipigia saa nne usiku, vimebaki vikao viwili. Nilikuwa nimemtengenezea kiprogramu cha PHP (lugha ya kuandikia programu) cha kuhesabu michango: upande wa bwana harusi una safu (array, yaani orodha ya namba za simu na kiasi) yake, wa bibi harusi yake, kisha zinaunganishwa ripoti itoke. Ripoti ilitoka. Ila penye namba za simu palikuwa na 0, 1, 2, 3.

$bwana = [];
$bwana[$simu] = $kiasi;
$wote = array_merge($bwana, $bibi);

Kutengeneza safu hakuna ugumu. Tangu toleo la 5.4 mabano ya mraba yanatosha, array() si lazima, na ufunguo (lebo inayoshika thamani, kwangu ni $simu) unaweza kuwa namba au maandishi. Hapo ndipo nilipojikwaa, maana PHP ina kaujuaji kake: ufunguo wa maandishi ukifanana na namba kamili, inaugeuza kuwa namba bila kukuuliza. '255' inakuwa 255. '0255' inabaki maandishi kwa ajili ya ile sifuri ya mbele. '+255' nayo inabaki.

Sasa array_merge, ile inayounganisha safu, ufunguo wa maandishi inauheshimu, wa namba inautupa na kuhesabu upya kuanzia sifuri. Nilipojaribu nyumbani niliandika namba za 07, zikapita salama. Malipo halisi yakaja na namba zinazoanza na 255, zikageuzwa.

Kuna watakaokuambia tumia + badala yake. Kweli haigusi funguo, lakini ufunguo ukiwepo pande zote mbili inabaki thamani ya kushoto, ya kulia inaachwa kimya kimya. Mjomba aliyechangia kote kuwili (wapo, hasa wakioana majirani) ataonekana kachanga mara moja, na hilo utalisikia ukumbini. Siku hizi nazungusha mwenyewe:

$wote = $bwana;
foreach ($bibi as $simu => $kiasi) {
    $wote[$simu] = ($wote[$simu] ?? 0) + $kiasi;
}

Ile ?? 0 ipo tangu PHP 7, na ni ya anayeonekana mara ya kwanza. Ukiiacha utajaziwa maonyo. Hesabu hiyo hiyo nimeiweka hata pale malipo yanapoingia, maana watu huchanga kidogo kidogo, na $bwana[$simu] = $kiasi ilikuwa inafuta elfu hamsini ya juzi kwa elfu kumi ya leo. Aibu hiyo niliigundua mwenyewe, nashukuru.

Jingine dogo: ukimtoa mtu wa katikati ya orodha kwa unset, pengo linabaki, na json_encode (inayogeuza safu kuwa maandishi ya JSON) itakupa objekti, yaani jozi za ufunguo na thamani, badala ya orodha. Pitisha array_values kwanza, ihesabu funguo upya.

Namba sifuri alikuwa baba mdogo wa bwana harusi. Nilimpata kwa kufungua meseji za malipo moja moja hadi saa nane.