Mnara wa Mkunazini na saa ya Seyyid Barghash

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na mama yako anakukumbusha usiache kuandika hata kama kazi zimekuzidi. Barua yako imefika. Unasema kwamba mwenzako wa kazini huko Muscat, ambaye babu zake walikuwa watu wa Unguja, amekueleza kuwa saa ya mnara wa kanisa letu la Mkunazini ilitolewa na Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kwa sharti kwamba mnara usilipite kwa urefu Jumba la Maajabu, jumba lake la kifalme kando ya bahari. Unataka kujua kama ni kweli, na kwa nini Sultani Mwislamu alilitunukia kitu kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa ambalo yeye mwenyewe alilazimishwa kulifunga.

Kuhusu saa, mwenzako amesimulia kama tunavyosimulia sisi. Kuhusu sharti, hebu tuziangalie tarehe kwanza, maana hadithi hii imepita katika midomo mingi, hasa ya wenye kutembeza wageni, hata imekuwa laini kuliko mambo yenyewe yalivyokuwa.

Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake tarehe 5 Juni 1873, baada ya John Kirk, balozi wa Uingereza, kumbana kwa tishio la manowari kuzuia bandari. Sehemu ya uwanja wa soko la Mkunazini ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, na tarehe 25 Desemba mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi. Aliyesimamia kazi alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, mtu aliyekijua Kiswahili kiasi cha kutafsiri Maandiko na kukusanya ngano za wazee wetu. Steere hakuwa mjenzi kwa taaluma, lakini aliingilia kila kitu. Paa lile la kuviringa unalolijua alilitengeneza kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na watu wengi mjini walingoja siku litakapoanguka. Halijaanguka. Zile nguzo fupi karibu na mlango wa magharibi, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, husemwa kuwa mafundi waliziweka hivyo siku ambazo yeye hakuwapo, na aliporudi akaziacha. Nimezitazama kwa makini mara nyingi: pambo lililopaswa kuwa juu limekaa sakafuni.

Sasa angalia. Steere alifariki Agosti 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Jumba la Maajabu, ambalo wengine huliita Beit el Ajaib, lilikamilika mwaka 1883. Kwa hiyo kama ahadi ilitolewa, haikuwa kwamba Sultani mwenye jumba lililokwisha kusimama alimkataza askofu asilipite. Ilikuwa baina ya watu wawili waliokuwa wakijenga kwa wakati mmoja, kila mmoja akiuona ujenzi wa mwenziwe ukipanda. Hilo laaminika zaidi kwangu kuliko amri ya kibabe, kwa sababu majirani wanaojenga hukubaliana mambo ya namna hiyo hadi leo, kuanzia madirisha hadi maji ya mvua.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau. Wengi wakisema mnara wa kanisa ulikatazwa kuupita wa Jumba la Maajabu, humaanisha ule mnara wa saa uliokuwa mbele ya jumba, unaoonekana katika picha zote za Forodhani. Barghash hakuujua mnara huo. Katika zama zake mnara wa taa na saa ulisimama peke yake mbele ya majumba, upande wa bahari. Manowari za Kiingereza zilipoishambulia ikulu tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiotimia saa moja, mnara huo ukaharibiwa, na Barghash alikuwa amekwisha kufariki tangu 1888. Ule wa mbele ya jumba ulijengwa baada ya hapo, na saa yake ikafuata hesabu yetu, ya saa moja kuanza baada ya jua kuchomoza au kutua. Nao, kama unavyojua, uliporomoka pamoja na sehemu kubwa ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Anayelinganisha minara hiyo miwili, basi, analinganisha mnara wa Steere na mnara ambao hakuna kati ya wale wawili aliyewahi kuuona.

Umeuliza kwa nini Barghash aliitoa saa hiyo. Nia ya mtu aliyekufa siwezi kuisemea, ila naweza kukuonyesha alikuwa mtawala wa namna gani. Ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi, na alipokwenda Uingereza mwaka 1875 alionyeshwa mitambo ya kila aina. Zaidi ya hayo, zingatia kwamba husimuliwa kuwa alitoa saa. Kengele haimo katika simulizi hiyo. Watu huchanganya vitu hivi viwili kwa kuwa vyote hukaa mnarani. Kengele ya kanisa huita waumini kwenye ibada, au hupigwa polepole, pigo moja moja, kuutangaza msiba. Saa ya mnarani haimwiti mtu dini yake. Mwenye duka la Darajani, baharia, mtumwa aliyeachiwa huru na mwadhini wote waliweza kuitazama. Kwa Sultani kutoa saa hakukuwa kuiunga mkono ibada ya kigeni, na kwa askofu kuipokea hakukuwa kujiweka chini ya ikulu. Naona kila mmoja alichagua kwa busara kitu ambacho mwenziwe angeweza kukikubali bila kuinamisha kichwa.

Hata hivyo usimruhusu mwenzako aitumie saa hiyo kufunika yaliyotangulia. Madhabahu inasemekana imewekwa mahali pa mti uliofungiwa watumwa wakichapwa, na duara la marumaru linapaonyesha. Barghash alilifunga soko kwa kushurutishwa, na zawadi haibadilishi hilo. Mweleze yote mawili kwa upole, kwani naye ana wazee wake katika habari hii, kama sisi tulivyo na wetu.

Akija Unguja nitampeleka mwenyewe. Mwambie tu asije Jumapili asubuhi, maana tunakuwa ibadani.

Baba yako akupendaye.