Mvulana naye anafaa kuchanjwa HPV

Dada wa Ngamiani, Tanga, uliyeuliza kama kijana wako wa miaka 12 achanjwe dhidi ya kirusi cha HPV: naam, inamfaa sana. Kirusi hiki huleta saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa, pamoja na masundosundo, yaani vinyama vya sehemu za siri. Mpango wa taifa, ulioanza 2018, ni wa wasichana, kwa hiyo yeye ni wa kulipiwa. Ulizia ni chanjo ipi: ya aina mbili za kirusi haizuii masundosundo, ya aina nne au tisa huzuia. Chini ya miaka 15 ratiba ya kawaida ni dozi mbili, zipishane miezi 6. Na kwa joto la Tanga, usibebe kichupa cha chanjo mkobani! Kinataka nyuzi 2 hadi 8, na kikiganda kimeharibika. Achomwe ameketi, asubiri dakika 15, vijana huzimia.