Themostati ya Nyuzi 76 Haitakupandisha Kitonga

SWALI: Ndugu Mshauri, nina pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, ya mwaka 2004, ninayoitumia kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini. Kwenye barabara tambarare mshale wa joto hukaa katikati bila kutikisika, lakini kila nipandapo mlima Kitonga na mzigo, hupanda hadi karibu na alama nyekundu, nami hulazimika kuegesha pembeni nusu saa nzima. Themostati iliyomo imechongwa nambari 82. Fundi mmoja amenishauri nifunge ya nyuzi 76, na mwingine anasema niing'oe kabisa kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Nimfuate yupi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu yangu, kwa tatizo ulilolieleza usimfuate yeyote kati ya hao wawili, na ushauri wa huyo wa pili ndio wa kuuogopa zaidi.

Themostati ni mlango. Ndani yake mna kikopo kidogo kilichojazwa nta. Maji ya injini yakipata joto, nta huyeyuka na kutanuka, ikasukuma pini, na mlango ukafunguka ili maji yaende kwenye rejeta kupozwa. Nambari 82 iliyochongwa ni joto ambalo mlango huo huanza kufunguka, wala si joto ambalo injini haitalivuka. Maji yakikaribia nyuzi 95 mlango huwa umekwisha kufunguka wote, kiasi cha milimita 8 hadi 10, na kuanzia hapo themostati haina tena la kufanya. Kinachoamua joto la injini ni uwezo wa rejeta, feni na pampu ya maji wa kuondoa moto unaozalishwa na mzigo. Mshale wako unapokaribia nyekundu pale Kitonga, themostati ya 82, kama ni nzima, imeshafunguka yote, na ile ya 76 ingekuwa imefunguka vilevile, kwa hiyo maji yanayopita yangekuwa yale yale. Utakachonunua ni kuuanza mlima na maji yaliyopoa kidogo zaidi, jambo ambalo litachelewesha kuchemsha kwa dakika chache tu, na gari lenye mzigo haliumalizi mlima ule kwa dakika chache.

Kuhusu kuing'oa, nakusihi usikubali. Themostati za injini nyingi za dizeli za Toyota zina visahani viwili: cha juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na cha chini, kwa wakati huo huo, huziba njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi kwenye injini bila kupozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta. Ndiyo maana wapo madereva waliong'oa themostati ili gari lisichemshe, kisha likachemsha kuliko awali, nao wakamlaumu muuzaji wa rejeta. Tena, asubuhi za baridi za Juni na Julai huko Iringa, injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu mno kupata joto lake. Dizeli isiyoungua vizuri huteremka na kuchanganyika na oili, unyevu haukauki, na silinda zinalika mapema. Ya nyuzi 76 haina madhara makubwa kiasi hicho, na zipo injini ambazo watengenezaji wenyewe huziwekea ya nyuzi hizo kwa ajili ya nchi za joto. Marekani nako wanaoongeza nguvu za injini za petroli hufunga hata za nyuzi 71, ili kuzuia petroli isijiwakie kabla ya wakati wake. Shida hiyo si ya dizeli yako.

Sasa tuutafute ugonjwa wenyewe. Kitonga unapanda kwa gia nzito: injini inafanya kazi kuliko wakati wowote, huku upepo wa mwendo ukiwa mdogo kuliko wakati wowote, kwa hiyo rejeta inategemea feni peke yake. Gari lisilochemsha tambarare na likachemsha mlimani hunifanya niishuku kwanza klachi ya feni, yaani kiungo kinachoishika feni ili izungushwe na injini, chenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Zima injini ikiwa ya moto, kisha ujaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila kukaza, mafuta yale yamekwisha. Baada ya hapo utazame rejeta, nje kwa matope na wadudu, ndani kwa magadi na kutu, hasa ikiwa kwa miaka umekuwa ukijaza maji ya mtoni badala ya kulanti, yaani kioevu maalumu cha kupozea injini.

Usidharau kifuniko cha rejeta. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110, lakini chenye mpira uliopasuka au springi iliyolegea hukuachia zile 95 tu. Hakigharimu kitu ukilinganisha na silinda hedi iliyopinda. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Themostati yenyewe uipime kabla ya kuitupa: itumbukize katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uyachemshe taratibu, uone inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi na inafika wapi. Ikikwama au ikifunguka nusu, nunua mpya ya nyuzi 82 zile zile. Mpaka hayo yote yakamilike, punguza magunia, zima kiyoyozi, na mshale ukianza kupanda washa hita mpaka mwisho, kwa kuwa nayo ni rejeta ndogo.

SWALI: Nimebadilisha themostati ya pikapu yangu, na tangu siku hiyo inachemsha hata tambarare. Je, nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda ni nzima, ila imefungwa vibaya. Kikopo chenye springi kinapaswa kuelekea ndani ya injini, na ile pini ndogo inayochezacheza pembeni, ambayo kazi yake ni kupitisha hewa, ikae juu isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Baada ya kuifunga upya, egesha gari pua ikielekea mlimani, jaza maji injini ikiwa baridi, kisha iwashe kifuniko kikiwa wazi na uendelee kuongeza maji polepole mpaka mapovu yakome. Mapovu yasipokoma hata baada ya nusu saa, zima gari na umwite fundi akague gasketi ya silinda hedi.