Maswali Yenu: Kopo moja mbele ya wenye pesa

Habari wahariri. Wiki ijayo nina dakika 5 za kunadi biashara yangu mbele ya wawekezaji watatu, Mikocheni. Natengeneza siagi ya karanga, makopo 1,200 ya gramu 400 kwa mwezi. Kopo linanigharimu shilingi 3,500, madukani naliuza 6,000. Kodi ya chumba, vijana wawili na mengineyo ni milioni 2, kwa hiyo nabaki na milioni 1. Nataka kuomba milioni 60 kwa asilimia 10. Nimeandaa slaidi 22. Mnanishauri nini?
*Mama Karanga, Tabata*

Slaidi 14 zitupe leo. Dakika 5 za kuongea kwa utulivu zinabeba maneno kama 450, na slaidi 8 zinatosha kuyasindikiza. Ila slaidi siyo tatizo lako kubwa, Mama Karanga. Tatizo ni hilo ombi.

Ukisema milioni 60 kwa asilimia 10, umesema biashara nzima ina thamani ya milioni 600. Faida yako ya mwaka ni milioni 12, na asilimia 10 yake ni milioni 1 na laki 2. Yule aliyekaa mbele yako atagawa kichwani: miaka 50 ndipo pesa yake irudi. Kisha atauliza mshahara wako uko wapi, kwa sababu kwenye zile milioni 2 hatukuuona. Ukijilipa laki 5 tu kwa mwezi, faida inabaki nusu na miaka inakuwa 100. Hapo ataendelea kuitikia kwa heshima, lakini mkutano umekwisha.

Anza upya, na uanzie kwenye kopo. Liweke mezani, halafu ulichambue: karanga nusu kilo shilingi 2,000, kopo na kifuniko 700, usafiri 300, na kadhalika mpaka 3,500 itimie. Ukiliuza 6,000, linakuachia 2,500. Hii ndiyo slaidi ambayo wengi hawana, na ndiyo inayoonyesha kama unaijua biashara yako au unaipenda tu. Jiandae kwa swali linalofuata: karanga zikipanda je? Kilo ikitoka 4,000 hadi 5,500, baki ya kopo inashuka hadi 1,750. Kwa makopo 1,200 unapata milioni 2 na laki 1, na gharama zako za kudumu ni milioni 2 hata kabla ya mshahara wako. Usifiche hesabu hiyo. Ionyeshe mwenyewe, pamoja na dawa yake: kununua gunia nyingi wakati wa mavuno na kuzihifadhi zikiwa kavu kabisa.

Ukavu huo una sababu nyingine, nayo ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga zenye unyevu. Mwekezaji yeyote anayefahamu vyakula ataiuliza. Nenda na majibu ya maabara na nembo ya TBS (Shirika la Viwango), au barua inayoonyesha maombi yako yamefika hatua gani. Kusema "karanga zangu ni safi" hakumsaidii mtu.

Sasa ombi lenyewe. Jiulize nini kinakuzuia usivuke makopo 1,200. Tuchukulie ni mashine, na ukipata kubwa zaidi utafika 4,000. Hapo kopo zote zinakuachia milioni 10. Gharama za kudumu, mshahara wako ukiwemo, tuzipandishe hadi milioni 5. Faida ni milioni 5 kwa mwezi, milioni 60 kwa mwaka. Ukiomba milioni 30 kwa asilimia 20, mwenzako anaona milioni 12 kwa mwaka, yaani miaka miwili na nusu. Hayo ni mazungumzo. Lakini makopo 2,800 ya ziada nani atayanunua? Barua tatu za oda kutoka madukani zina uzito kuliko maelezo yoyote ya "soko ni kubwa".

Kosa linaloua wengi hata baada ya kupewa pesa ni kuomba bei ya mashine peke yake. Makopo 2,800 ya ziada yanahitaji milioni 9 na laki 8 kila mwezi ili yatengenezwe. Supamaketi ikichukua mali kauli na kulipa baada ya siku 45, karibu milioni 15 zitakuwa zimelala kwenye rafu za watu. Mashine mpya inakaa kimya kwa sababu hakuna pesa ya karanga. Kwa hiyo igawe milioni 30 waziwazi: mashine milioni 13 (uwe na proforma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji, mkononi), vipimo na lebo milioni 2, mtaji wa mzunguko milioni 15.

Muda: nusu dakika useme unatengeneza nini na nani ananunua, dakika moja ya kopo, dakika moja ya wateja na wanarudi mara ngapi, dakika moja na nusu ya pesa, kinachobaki ni wewe na ombi. Namba ziandikwe kubwa. Na beba nakala za karatasi, maana umeme hauna adabu.

Nina jina la biashara tu, nimelisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara na kampuni. Mwekezaji amekubali kuingia kwa asilimia 20. Tuandikishane vipi?
*Fundi wa mikoba, Mbagala*

Jina la biashara halina hisa, kwa hiyo hakuna cha kumgawia. Sajili kampuni kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA, ichukulie TIN (namba ya mlipakodi) yake, kisha akaunti ya benki, mkataba wa pango na leseni viwe kwa jina la kampuni. Fanyeni hivyo kabla pesa haijaingia.

Halafu angalia hesabu hii, wengi wanateleza hapa. Kampuni ikiwa na hisa 1,000 zako zote, ukamtolea mpya 200, atakuwa na 200 kati ya 1,200, sawa na asilimia 16.7. Ili afike 20 unatoa 250, jumla 1,250. Ziwe hisa mpya za kampuni, siyo zako: ukimuuzia zako, pesa ni yako binafsi na kampuni haipati hata senti. Wawekezaji wengi hawalitaki hilo. Mabadiliko yafike BRELA, siyo kuishia kwenye karatasi ya makubaliano.

Kuna kaka anasema atanikutanisha na mwekezaji kutoka nje, nilipie laki 3 za "kufungua faili" kwanza. Nilipe?
*Msomaji, Kigamboni*

Usilipe. Dalali halali kwa kawaida huchukua chake pesa ikishaingia, kwa mkataba. Mwombe jina kamili la kampuni ya huyo mwekezaji na nchi ilikosajiliwa. Ikiwa ni ya hapa, itafute kwenye mfumo wa BRELA, uone wakurugenzi ni nani. Akianza kukuharakisha, mfungie namba.