Dumu la Lita 5

SWALI: Shangazi, mimi ni hamali gatini Lamu, napakua saruji. Kwa joto hili la kaskazi nanywa dumu zima la maji, lita 5, kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Juzi kichwa kiliniuma, nikatapika. Ni jua?

JIBU: Mwanangu, huenda ni jua, ila hilo dumu nalishuku zaidi. Figo hutoa kama lita 1 tu ya maji kwa saa. Ukizidisha, chumvi ya damuni huzimuka na ubongo huvimba: kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Kunywa ukiona kiu, kidogo kidogo, nawe ule kitu chenye chumvi. Ukitapika tena, weka dumu chini, nenda hospitali.