Faili la kifurushi usiliguse

"Kaka, umeme umerudi, mashine inawaka, lakini programu haifunguki."

Simu hiyo niliipokea saa moja asubuhi, kutoka zahanati moja ninayowatunzia mitambo. Wagonjwa walishajaa kwenye benchi, na dada wa mapokezi alikuwa ameanza kuandika majina kwenye daftari. Iliniuma, kwa sababu ugonjwa huo nilikwisha kuutibu wiki kadhaa nyuma.

Pale kuna mashine mbili: moja ina programu ya usajili, nyingine ina kanzidata. Umeme ukirudi, ya kwanza huwaka upesi, ya pili huchelewa kama dakika moja na nusu. Programu ikikosa kanzidata hufa. Faili lake la huduma, lenye maelekezo ya namna ya kuiendesha, lilikuja na `Restart=on-failure`, yaani iwashwe tena ikianguka, nami mwanzoni niliamini hiyo inatosha. Haitoshi. Usipoielekeza vinginevyo, systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuiwasha tena huduma iliyoanguka, na ikishaiwasha mara 5 ndani ya sekunde 10, inaachana nayo. Nafasi zote tano zilikuwa zinaisha kabla kanzidata haijaamka. `After=` nayo haisaidii hapa: inapanga nani atangulie ndani ya mashine moja, ya jirani haiijui.

Dawa ni `RestartSec=10`. Majaribio yakipishana sekunde 10, kikomo cha mara 5 hakifikiwi kamwe, na systemd haichoki kujaribu.

Dawa hiyo niliijua na niliiandika. Tatizo ni mahali nilipoiandika: moja kwa moja kwenye faili lililokuja na kifurushi cha programu, ndani ya `/usr/lib/systemd/system/`. Programu iliposasishwa, faili jipya lilikaa juu ya langu bila kuuliza mtu. Hakuna aliyejua, hadi usiku ule umeme ulipokatika.

Faili la huko ni mali ya mtengenezaji. Sehemu yako wewe ni `/etc/systemd/system/`, na njia nyepesi ya kufika huko ni hii:

```
sudo systemctl edit usajili.service
```

Kisha andika unachotaka kubadilisha tu:

```
[Service]
RestartSec=10
```

Inahifadhiwa kama `override.conf` ndani ya `/etc/systemd/system/usajili.service.d/`, na sasisho haligusi hapo. Nakusihi usinakili faili zima kwenda `/etc`. Siku mtengenezaji akirekebisha jambo la maana, nakala yako itaendelea kulifunika.

Yapo mambo yaliyowahi kunipotezea saa nzima. Maelezo yenye alama ya `#` yakae mstari wake peke yake; ukiandika `RestartSec=10 # sekunde`, systemd inashindwa kuusoma mstari huo, inaupuuza na kuendelea na mengine, nawe unadhani mambo ni sawa. Ukitaka kubadilisha `ExecStart=`, amri inayoiwasha huduma, kwanza andika `ExecStart=` tupu, halafu mstari unaofuata uweke amri mpya. Bila hivyo huduma ya kawaida itaonekana ina amri mbili na itakataa kuwaka. Na ukihariri faili kwa mkono badala ya kutumia `systemctl edit`, lazima ufuatishe `systemctl daemon-reload`, ili systemd isome mafaili upya.

Ukimaliza, usiamini macho yako kwenye faili. Iulize systemd yenyewe:

```
systemctl cat usajili.service
systemctl show -p RestartUSec usajili.service
```

Ya kwanza huonyesha kila faili linalohusika na njia yake; ya pili inapaswa kujibu `RestartUSec=10s`.

Jioni ile, wagonjwa walipokwisha kuondoka, nilizima mashine zote mbili kwa utaratibu, nikaziwasha kwa pamoja, nikakaa mbele ya `journalctl -fu usajili`, inayoonyesha kumbukumbu za huduma papo hapo. Ilianguka, ikasubiri, ikaanguka tena. Jaribio la tisa liliikuta kanzidata iko macho, na dada wa mapokezi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mkoba begani, akaniomba nisubiri kwanza ayaingize majina ya kwenye daftari.